Utaratibu Mpya wa Mapenzi katika Hatua Kumi na Sita

Kwa furaha kubwa, Umoja wa Familia za Vickery Meadow, hapa Dallas, unawatangazia wanachama wote kwamba kuanzia mwezi wa saba mapenzi yatafanyika kwa utaratibu wa hatua kumi na sita. Hapo nyuma yalikuwa yakifanyika ovyo.

Tangazo hilo niliandika mimi, Elvire, Katibu wa Kamati ya Tathmini ya Uchumba. Nina shahada ya utawala niliyoipata mwezi wa tano, na nimetazama tamthilia za mapenzi mia moja arobaini na mbili: za Kikorea, za Kichina na za Kithai. Mwenyekiti wetu, Mzee Tharcisse, alisema elimu hizi mbili zikikutana ndani ya mtu mmoja, kamati haiepukiki.

Chanzo kilikuwa mguu. Mzee aliteguka, akakaa nyumbani wiki sita, na rimoti ilikuwa mikononi mwa mke wake, Mama Armel. Wiki ya kwanza alilalamika. Wiki ya pili aliuliza kwa nini yule tajiri hamwambii binti ukweli. Wiki ya tatu aliitisha mkutano katika ukumbi wa parokia.

“Ndugu zangu,” alisema, “wale watu wanavua viatu mlangoni. Wanawainamia wazazi. Kijana na binti wanamaliza sehemu tisa bila kushikana mkono, na ya kumi wakishikana, mbingu yenyewe inanyesha. Sisi hapa mafundisho ya ndoa ni Jumamosi mbili na soda. Nani ana maadili zaidi?”

Hakuna aliyejibu. Ikaandikwa kwamba hoja imepita kwa kauli moja.

Nilifanya kazi ile kwa moyo wote. Naamini tamthilia hizi zinatufundisha kitu. Naamini stelingi wa pili, yule anayeleta dawa na supu kisha anaachwa, ndiye mwanamume bora duniani. Nimemlilia kuliko nilivyowahi kuwalilia ndugu zangu. Kwa hiyo nilipendekeza fomu iwe na swali moja tu: “Anajua umechoka kabla hujasema?” Kamati ilinishukuru sana, ikalipeleka swali langu kwenye kiambatisho, na mahali pake ikaweka mambo yanayopimika.

Mchumba atapimwa kwa mwavuli. Atapimwa kwa kumdaka mwenzake anayeanguka, bila kupepesa macho kwa sekunde sita. Atavaa koti refu, bila kujali hali ya hewa. Tena wawili hao wawe waliwahi kukutana utotoni wakasahauliana. Tuliogopa kipengele hiki kingewashinda wengi, lakini kumbe nusu ya wanachama walikulia kambi moja ya wakimbizi kule Tanzania. Asiyefikisha alama hamsini ataitwa mchumba wa majaribio, na mtu wa majaribio haongei mbele ya wakwe wala Umoja haumpi washenga.

Wa kwanza kuomba alikuwa Thierry, anayepanga maboksi katika ghala la nyama zilizogandishwa. Alitaka kumposa Inès wa Sharpstown, kule Houston. Hakuwa na baba wala mjomba Marekani nzima. Bila washenga wa Umoja hakuna ambaye angemsemea. Na siku zilikuwa zinabana. Bibi yake Inès, aliyemlea, alikuwa amekuja kutoka Burundi kwa miezi mitatu na angerudi mwisho wa mwezi wa nane. Alitaka kuisikia posa kwa masikio yake mwenyewe.

Siku ya tathmini joto lilikuwa nyuzi mia na mbili za Fahrenheit. Thierry alifika na jaketi lake la kazini, lile la chumba cha barafu. Kamati ilijadili kama jaketi ni koti, ikampa nusu.

Mvua hakuna, kwa hiyo tulitumia mabomba ya kumwagilia majani nje ya ukumbi. Thierry alimfunika Inès kwa mwavuli kama inavyotakiwa. Bahati mbaya maji ya mabomba hutoka chini. Wote wawili walilowa kuanzia magotini, mwavuli ukabaki mkavu kabisa.

“Sasa teleza,” Mwenyekiti alimwambia Inès.

“Niteleze?”

“Ili akudake, mwanangu.”

“Mzee, tangu Jumatatu nainua wagonjwa kitandani. Sina mgongo wa kutelezea.”

Thierry akaenda akamletea kiti.

“Kiti hakimo kwenye fomu,” alisema Mutuku, mjumbe wetu, nesi kutoka Machakos, akaandika sifuri.

Nilisimama nikasoma jibu la Inès kwenye kiambatisho. Kila Jumapili ya pili Thierry akitoka shifti husafiri kwa basi muda wa saa nne na nusu hadi Houston, anamsaidia Inès kufua na kukunja nguo za wiki mbili, kisha anapanda basi kurudi.

“Kwa basi?” Mutuku alicheka. “Ai, stelingi ako na gari bana! Tena nyeusi.”

Tukarudi ukumbini, alama zikajumlishwa: thelathini na moja. Mwenyekiti alitangaza kwa masikitiko kwamba mwombaji atajaribu tena mwezi wa kumi na moja. Thierry alikunja mwavuli polepole. Inès alitazama sakafu. Nilitaka kulia, lakini nilikuwa naandika kumbukumbu.

Ndipo aliposimama Mama Sabine, mama yake Inès, aliyekuwa amemleta binti yake kwa gari kutoka Houston.

“Mzee Tharcisse, hiyo thelathini na moja ni ndogo?”

“Ndogo sana, mama.”

“Kuliko ya nani?”

“Kuliko... kiwango.”

“Wewe ulipata ngapi?”

Mwenyekiti alieleza kwamba fomu haiwahusu watu waliokwisha kuoa. Hapo nikasimama tena, kwa nia njema kabisa. Nilisema chuoni tulifundishwa kwamba kipimo kipya hujaribiwa kwanza kwa kitu ambacho ubora wake unajulikana. Nikampendekeza Mwenyekiti.

Alitabasamu. Mtu hawezi kuukataa ubora wake mbele ya watu sitini. Mama Armel akaitwa mbele.

“Mwavuli?” nilisoma.

“Tunao mmoja. Anao yeye.”

“Kukudaka ukianguka?”

“Ule mwaka wa baridi kali nilianguka kwenye barafu hapo nje. Aliuliza kama mayai yamepona.”

“Yalikuwa trei nzima!” Mwenyekiti alijitetea.

“Koti refu?”

“Hilo analo,” alisema Mama Armel, na kamati ikashangilia kwa nafuu.

“Mlikutana utotoni mkasahauliana?”

“Tulikutana. Alikuwa ananisukuma kwenye foleni ya maji. Sijasahau.”

Nikafika kwenye kiambatisho. “Anajua umechoka kabla hujasema?”

Mama Armel alitazama fomu, akatazama mikono yake.

“Na nikisema je?” aliuliza. “Nikisema pia mmeiandika humo?”

Haikuwemo. Mwenyekiti alipata tisa, zote za koti.

Wake wengine wakaomba fomu. Mashine ya parokia ilitoa nakala mpaka wino ukaisha. Mutuku alipata kumi na nne, akaomba zihesabiwe upya, akabaki na kumi na mbili. Ilipofika saa kumi jioni, ukumbi mzima ulikuwa umejaa wachumba wa majaribio, na mwanamume mwenye alama za juu kuliko wote katika Umoja alikuwa Thierry.

“Kamati ivunjwe,” alisema Mwenyekiti.

“Huwezi kuongea,” alisema Mama Sabine. “Mimi ni mkwe.”

Hivyo Jumamosi iliyofuata posa ilipelekwa Sharpstown na wake, Mama Armel akiwa msemaji. Waume walibeba kreti za vinywaji, wakakaa nyuma kimya. Bibi yake Inès alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamnyooshea Thierry kidole.

“Ndiye huyu anayekunja nguo?”

“Ndiye, bibi.”

“Basi tumekubali. Leteni chakula.”

Inès alicheka kwa sauti ambayo sijaisikia katika tamthilia yoyote, na idadi yake nimeshaitaja.

Mwenyekiti, naye sasa akiwa wa majaribio, anaendelea na hatua zake kumi na sita. Hatua ya kwanza, niliyoiandika upya mwenyewe, inasema: “Muulize mkeo habari za siku yake, kisha usubiri jibu liishe.” Alimuuliza akiwa anaendesha gari, tulipokuwa tunatoka Dallas kupeleka posa. Tulipofika mji wa Corsicana, mwendo wa saa moja tu, Mama Armel alikuwa bado kwenye asubuhi ya harusi yao. Tulipoingia Houston alikuwa amemaliza mimba ya kwanza. Aliendelea Jumapili tulipoanza safari ya kurudi, na tulipopita mji wa Ennis, karibu na nyumbani, alikuwa amefika mwaka 2014. Mwenyekiti ameomba mapumziko kwa maandishi. Ombi limepokelewa na litajadiliwa na kamati, pindi Mama Armel, mjumbe wake mpya, atakapopata nafasi.