Kipimo cha Hujambo

Nina heshima kuutangazia umma kwamba kituo chetu cha upimaji hapa mjini Barnsley, chini ya ukurugenzi wangu, kimevumbua kipimo cha afya kisichohitaji sindano, daktari wala huruma. Kinaitwa Kipimo cha Hujambo.

Zamani manesi wetu waliwahoji wagonjwa wanaoomba malipo ya serikali mpaka chai ikapoa. Sasa nesi anauliza tu, "Hujambo?" Mwombaji akijibu, "Sijambo," basi amepona. Na watu wa kwetu, hata paa liwe linawaangukia, hawana jibu jingine. Ofisi iko ghorofa ya tatu na lifti nimeifunga mwenyewe: anayefika juu ni mzima, asiyefika hakuhudhuria.

Wilf Ogden, aliyekuwa dereva wa basi, alifika akiburuta mtungi wa oksijeni.

"Hujambo, Wilf?" akauliza Sista Bernadette.

"Sijambo, mpenzi. Siwezi kulalamika." Kisha akakohoa mpaka akashika ukuta.

"Bosi, huyu mtu hapumui!"

"Kasema hajambo, sista. Wewe nani hata umbishie?"

"Mimi nesi!"

"Tulikuajiri kwa ajili ya sare."

Malipo yakakatwa. Wilf akashukuru, akasema atazima hita, mablanketi anayo. Sista alinitazama kwa jicho lisiloruhusiwa na mwongozo wa watumishi.

Haukupita muda, nikateleza kwenye ngazi za kupandia ofisini, nikaumia mgongo vibaya. Nikaomba malipo kama raia yeyote. Siku ya kupimwa nilipanda kwa magoti, jibu nimelikariri: niko hoi, niko hoi. Mlangoni Sista akanipa kikombe cha chai, akatabasamu.

"Hujambo, bosi?"

"Sijambo, asante. Siwezi kulalamika."

Lo! Mdomo wangu huu!

"Nilikuwa naitikia salamu tu, sista!"

"Hata Wilf alikuwa anaitikia tu."

"Basi naifuta kanuni! Leo hii! Wilf arudishiwe malipo yake, wote warudishiwe!"

"Anayefuta kanuni ni mkurugenzi aliye kazini. Mgonjwa hana mamlaka. Sasa wewe ni mgonjwa au mzima?"

Maumivu yalinipanda mpaka kisogoni. "Mzima," nikasema, nikatia sahihi ya kuifuta kanuni.

Sista akampigia Wilf simu hapo hapo, akamwambia awashe hita.

"Haya, sasa nipime upya," nikamsihi.

"Nikupime nini tena, bosi? Mzima si umesema mwenyewe? Tuonane kesho asubuhi, ghorofa ya tatu."