Karakana Kuu ya Dhamana ya Magari Yaliyotumika Vizuri

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Dhamana, ambaye pia ni mimi, ila kwa kofia nyingine. Ndugu Mkurugenzi wa Manunuzi, shemeji yangu, uliyekaa kwa unyenyekevu kwenye kiti cha mwenzako. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Madai, mliofika kwa miguu kutokana na hali ya magari yenu. Wauzaji wa magari yaliyotumika, wanunuzi wa magari yaliyotumika, na ninyi mliotumika bila kuuza wala kununua. Mabibi na mabwana. Itifaki naomba ihesabiwe kuwa imepita, na asiyetajwa ajitaje kimoyomoyo. (Makofi kutoka meza kuu.)

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo kifani pamoja na kikohozi kidogo, kuizindua rasmi Karakana Kuu ya Dhamana ya Magari Yaliyotumika Vizuri, ambayo, kwa mujibu wa fizibiliti stadi tuliyoifanya katika hoteli tatu tofauti ili kupata mawazo tofauti, itakuwa ya kwanza kutoa huduma shirikishi, jumuishi, endelevu na, pale itakapobidi, halisi.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa kabla yangu. Mtu ananunua gari yadini, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi, muuzaji anaapa kwa mama yake mzazi kwamba lilikuwa la daktari mstaafu aliyelitoa kwenda kununua gazeti tu. Na kabla mnunuzi hajafika kwake, rejeta inachemka, klachi inateleza, na muuzaji hapokei simu. Jambo hilo liliniumiza sana. Liliniumiza zaidi kwa sababu simu zenyewe zilikuwa zinaingia kwangu, maana yadi ilikuwa yangu. (Kicheko.) Msicheke. Hapo ndipo maono yalipozaliwa.

Nikasema, kuanzia sasa gari halitoki bila dhamana. Na leo takwimu zinajieleza zenyewe, na zisipojieleza tuna mtakwimu. Asilimia mia na nne ya wateja wetu wana dhamana. Hizo nne za ziada ni wale tuliowapa mara mbili kwa upole wetu. Malalamiko yameshuka kwa asilimia tisini tangu tulipohamishia dirisha la malalamiko ghorofani na kuiondoa ngazi kwa ajili ya ukarabati. (Sauti kutoka nyuma: "Na magari yaliyotengenezwa ni mangapi?") Swali zuri sana, nalo limepangiwa awamu ya pili.

Msikilizaji makini atataka kujua dhamana inalipia nini hasa. Dhamana yetu, ambayo ni komprihensivu, inalinda kila kipuri kizima kwa muda wote kitakaoendelea kuwa kizima. Kikishavunjika, hicho si kipuri tena, ni chuma chakavu, na chuma chakavu kina mamlaka yake, hatuwezi kuingilia kazi za watu. (Dereva wa teksi, safu ya mbele: "Yaani ni mwavuli wa kiangazi.") Asante, dereva, umeelewa haraka kuliko Kamati.

Aidha, kuna kile tunachokiita Kifungu cha Nguvu Zake Lenyewe. Gari linalodaiwa kuwa bovu ni sharti liletwe likijiendesha, mpaka kwenye yadi yangu, ambayo kwa sasa inakaimu nafasi ya karakana. Halivutwi kwa kamba wala halibebwi. Magari mawili yakija yamefungwa kamba, tutajuaje ni lipi lenye madai na lipi lililomsindikiza mwenzake?

(Mwanamke mwenye kapu tupu anasimama katikati ya viti: "Langu lilikuja lenyewe. Liko wapi?")

Karibu, mama. Ndugu waandishi, kwa wasiomfahamu, huyu ndiye mama anayepelekea maduka ya mtaa huu mikate kila asubuhi, na ni mnufaika wetu wa mfano. Alinunua kwetu gari dogo jeupe, lililotumika kwa nidhamu kubwa. Baada ya muda, giaboksi ikapata changamoto: gia zote za kwenda mbele zilijiuzulu kwa pamoja, ikabaki ya kurudi nyuma. Mwingine angekata tamaa. Mama huyu, kwa kuheshimu Kifungu, alilileta kinyumenyume kutoka nyumbani kwake mpaka getini kwangu, shingo kaigeuza hivi, na watu wakitoka madukani kumshangilia. (Mama: "Shingo inaniuma mpaka leo.") Pole sana, mama. Shingo haimo kwenye dhamana.

Sasa sikilizeni jinsi mfumo imara unavyofanya kazi. Mlinzi wetu aliajiriwa kwa maelekezo yasiyo na utata: gari linaloipa barabara mgongo linaingia, gari linaloipa barabara uso linatoka. Gari la mama likapita getini uso ukiwa barabarani. Mlinzi akapiga saluti, akaripoti kwamba gari limetoka. Kamati ikaketi, ikanywa chai, ikalijadili jambo hilo kwa kina na upana, na kuhitimisha kwamba gari lililotoka ni gari lililotengenezwa, kwa kuwa hatuna utaratibu wa kutoa ambalo halijatengenezwa. Kwa hiyo, mama, kiutawala gari lako ni zima, na unalo.

(Mama: "Nilicho nacho ni kapu, mheshimiwa. Nabeba kichwani. Mikate inafika imepoa, maduka yameanza kuchukua kwa mwingine. Nimebaki na duka moja, na hilo ni la dada yangu, naye ananichukulia kwa kunionea haya.")

Nakusikia, mama, na fidbeki yako ni ya thamani. Lakini na wewe nielewe. Gari lako ndilo mafanikio yetu ya kwanza. Limo kwenye taarifa kwa wafadhili, lina picha ya rangi, na mimi nipo pembeni nikiwa nimeligusa. Nikisimama leo niseme halikutengenezwa, asilimia zote nilizozitaja zinashuka, na zikishuka, hata wewe mwenyewe, kama mnufaika, unashuka nazo. (Dereva wa teksi: "Mheshimiwa, mpe mama gari lake, takwimu mpe mfadhili.") Dereva, tutaunda kikosi kazi. (Dereva: "Kikosi tunacho, tumekaa hapa tangu asubuhi.")

Naona muda unatutupa mkono. Naomba tusimame kwa ajili ya kaulimbiu. Nikisema "Dhamana", mtaitikia "Yetu sote". Dhamana. (Mjumbe mmoja tu wa Kamati, akimtazama shemeji: "Yetu sote.") Nikisema "Gari bovu", mtaitikia "Limepitwa na wakati". Gari bovu. (Umati: "Liko wapi?") Maneno sikuyapata vizuri, lakini ari nimeiona.

Nihitimishe kwa shukrani. Kwa moyo wa dhati namshukuru mwenye ghala hili kwa kutuazima ukuta wa mbele na mlango hadi saa nane mchana. Nyuma ya mlango kuna saruji yake, si karakana, ndiyo maana utepe nitaukata bila mlango kufunguliwa. Nawashukuru mafundi wetu sita mnaowaona ndani ya ovaroli safi, ambao ni wanakwaya, na nawakumbusha kwamba ovaroli zina wenyewe. Namshukuru mchoraji wa bango, kwani winchi, mashine ya kupimia breki na rafu za spea alizozichora ndizo pekee tulizo nazo. (Minong'ono.) Na kwa namna ya pekee nawashukuru vijana wa jukwaa. Bajeti ya jukwaa ilipopata changamoto, walionyesha ubunifu mkubwa wa kukisukuma mpaka hapa kitu kilichokuwa yadini, ambacho kwa mujibu wa kumbukumbu zetu hakipo, wakalaza mbao juu yake, wakakifunika kwa kitambaa hiki cha buluu, na ndicho kinachonibeba tangu

(Mama anaweka kapu chini. Anapita katikati ya wajumbe, anachutama, anafunua kitambaa. Taa mbili na boneti jeupe. "Ndilo hili.")

Mama, hilo ni jukwaa.

("Jukwaa lenye stika ya mkate kwenye kioo?")

Suala la stika ni la kitaalamu, na ningeomba Kamati

(Kamati inatazama chini. Dereva wa teksi na wanaume wawili wameshika mbao. Dereva: "Mheshimiwa, shuka taratibu. Tusije tukakuhesabu na vifaa.")

Nashuka. Nashuka, ndugu zangu, si kwa kushinikizwa bali kwa mujibu wa ratiba, na nikiwa nashuka ningependa ieleweke kwamba mradi huu, ingawa haujaanza, umekamilika kwa kiwango cha

(Mbao zinawekwa kando. Mama ametoa ufunguo kwenye pindo la kanga, ameingia, ameshika usukani. Anatoa kichwa dirishani: "Fundi wa pale kona ananisubiri. Anasema giaboksi inafunguka, kilichokosekana ni gari. Kinyumenyume siendi tena. Mheshimiwa, huku nyuma amepungua mtu mmoja.")

Mama, mimi ni mgeni rasmi.

(Dereva wa teksi: "Ndiyo maana tumekuachia katikati.")

Basi, ndugu wananchi, kwa heshima hii adhimu niliyopewa, na kwa kuwa gari limeanza kusogea, napenda kutamka, kwa niaba ya Bodi, Kamati na

(Mama: "Baba, hotuba iache hapo. Sukuma.")

Nasukuma, mama.