Tabasamu la Mke Wangu Linalosafirishwa Japani

Barangay Mabugnaw,
Iloilo, Ufilipino.
Jumatano, baada ya chakula cha mchana nilichokula na mbwa.

Kwa Mheshimiwa Kapitan Visitacion Gallego,
Mwenyekiti wa Baraza la Usuluhishi la Mtaa (Barangay).

YAH: KUOMBA MKE WANGU AZUIWE KUFUNDISHA KIINGEREZA KWA MTANDAO

Mheshimiwa Kapitan, shikamoo.

Pole na joto hili, na hongera kwa feni mpya ya ofisini, ingawa ungeniletea ile ya zamani ningeifufua. Mimi ni Teodulo Bagaforo, fundi feni wa nyuma ya kanisa, yule mnayemwita Dolong. Mke wangu ni Perlita, mwalimu anayewafundisha Wajapani Kiingereza kupitia kompyuta akiwa sebuleni kwetu. Siku ya harusi yetu ulisimama nasi kanisani kama Ninang wetu, mama msimamizi wa ndoa, ukaahidi mbele ya padri kwamba tukikwaruzana tutakuja kwako kwanza kabla ya kurushiana sahani. Basi nimekuja. Hadi naandika, sahani zote ni nzima.

Sina neno na Wajapani. Ni watu wa heshima, wanainama hata wakiaga kwenye skrini. Ninachoomba ni kwamba kikao chako cha Jumamosi kimwamuru Perlita aache kazi hiyo, kwa sababu namkosa mke wangu wakati yuko chumba cha pili. Sababu nimezipa namba ili katibu wako asizichanganye na kesi ya mbuzi wa Manong Isko.

1. Kuhusu tabasamu. Kampuni iliyomwajiri imempa mwongozo: mwalimu ainue nyusi, aonyeshe meno ya juu na ya chini, na apige makofi kila mwanafunzi anapomaliza sentensi. Yuko Bwana Hasegawa wa Osaka, daktari wa meno mstaafu, mjane, ambaye kipindi chake kinaangukia saa yetu ya chakula cha jioni kila siku ya kazi. Juzi huyu mzee alihangaika weee, akakohoa, akaanza upya, mwisho akatamka kwamba amekula samaki. Perlita aliruka kwenye kiti. "Safi sana, Bwana Hasegawa! Samaki! Ajabu kabisa!" Kapitan, mimi nimekula samaki tangu kuzaliwa na hakuna aliyewahi kuruka.

Kipindi kikiisha anavua hedifoni, na uso nao unazimika palepale. Anakuja mezani, anaangalia mbaazi nilizopika na nguruwe na fenesi, anauliza, "Wali upo?" Jioni hiyo nilimweleza jinsi nilivyoitengeneza feni ya padri, ile ambayo mafundi wa mjini waliitangaza marehemu. Akajibu, "Mm." Nilingoja liongezeke neno, halikuongezeka. Zamani huyu mwanamke alikuwa akiniita langga, mpenzi, hata akiwa anaomba chumvi.

2. Kuhusu mimi kugeuzwa mwanafunzi. Nilimlalamikia. Nakiri alinisikiliza, na kesho yake akabadilika, ila ndiyo kwanza mambo yakaharibika. Sasa anaongea na mimi polepole, mkono mmoja sikioni, mwingine ukionyesha vitu. "Do-long. To-a. Ta-ka." Halafu anaigiza mtu aliyebeba ndoo, anatembea mahali alipo, anatabasamu meno yote. Nikitoa taka nabandikwa stika ya nyota kwenye paji la uso. Nilisahau kuibandua nikaenda dukani kwa Manang Luz kununua sabuni, na duka zima likanigeukia.

"Heee, Nong Dolong!" akasema Manang Luz. "Umefaulu? Darasa la pili unaingia lini?"

Jedwali la nyota liko kwenye mlango wa friji. Anayeongoza ni mama mkwe wangu, Nanay Consorcia. Anayefuata ni mbwa. Mimi nashika mkia, na sijui kama unaona ugumu wa maisha yangu hapo. Mbwa hajawahi kutoa taka. Anapewa nyota kwa kutobweka wakati wa kipindi, na mimi nikinyamaza vilevile naambiwa nimenuna.

3. Kuhusu kona ya sebule. Nyumba yetu ni ya plaiwudi isiyopakwa rangi, isipokuwa kona moja inayoonekana kwenye kamera. Hiyo imepakwa buluu, ikachorwa herufi na twiga anayecheka. Pale palikuwa mahali pa sanamu ya Santo Niño, Mtoto Yesu. Mtakatifu amehamishiwa juu ya friji, na mama mkwe humwomba radhi kila anapotoa samaki. Perlita mwenyewe kuanzia kiunoni kwenda juu ni mkurugenzi wa benki, hereni na kola. Kuanzia kiunoni kwenda chini amevaa bukta yangu ya mpira wa kikapu, na ndala.

Jiko liko upande wa pili wa kamera, kwa hiyo nikitaka kupita natambaa. Mwanamume mwenye masharubu, Kapitan, anatambaa na sufuria ndani ya nyumba aliyoijenga. Wiki iliyopita nilikosea nikainua mgongo mapema, nikiwa nimevaa lile shati langu la kijani, na mtoto mmoja wa Nagoya, Misaki, akapiga kelele kwamba nyumbani kwa mwalimu kuna kasa. Nilidhani mke wangu atanitetea. "Ndiyo, Misaki! Kasa! Kasa mkubwa! Kasa anafanya nini?" Ikabidi nitembee kama kasa. Nilizunguka meza mara kadhaa, nikala karatasi, na mtoto akapewa nyota. Mimi nilipata maumivu ya goti ambayo bado ninayo.

4. Kuhusu kutumiwa kama kitabu cha kiada bila idhini. Hili ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo naomba baraza lilisikilize likiwa limekaa vizuri.

Masomo ya kampuni yanakuja na picha za bwana mmoja anaitwa Tom. Tom huenda stesheni. Siku nyingine Tom hurudi kutoka stesheni. Perlita amewaambia wanafunzi wake kwamba Tom hana maisha, akamwondoa, na badala yake akaniweka mimi. Nasikia kila kitu, maana plaiwudi haifichi siri. "Mume wangu anakoroma." "Jana mume wangu aliteleza bafuni." "Mume wangu haogopi umeme, lakini anaogopa chura." Wanafunzi wanarudia mmoja baada ya mwingine, kwa sauti nzuri, polepole, kuanzia Osaka mpaka Nagoya. Sasa wanaulizia habari zangu kabla hata ya kusalimia. Bwana Hasegawa amenitumia ushauri kuhusu gego langu, nisukutue kwa maji ya chumvi. Nimesukutua, limetulia, lakini sikumwomba.

Mtaani nako hakukaliki. Wajukuu wa Manang Luz husimama nje ya dirisha letu wakifuata kipindi bure. Hivi sasa watoto wa Barangay Mabugnaw wanazungumza Kiingereza kizuri sana, na chote kinanihusu mimi. Nikipita, mmoja anasema kwa lugha ya kigeni kwamba mzee anatembea, mwingine kwamba mzee amekasirika, na wa tatu kwamba mzee atakimbia. Kisha wananitupia chura ili wa tatu awe amesema kweli.

Tuliangalie jambo hili kisheria. Kitabu cha kiada hupitishwa na wizara. Mimi nimepitishwa na nani? Nikinyoa masharubu, si itabidi litoke toleo jipya? Kitabu hakitumwi kutupa taka, basi zile ndoo nilizobeba zote zilikuwa ni kuvunja taratibu za elimu. Na likinitokea la kutokea katikati ya muhula, Mungu apishe mbali, watoto wa Nagoya watasoma nini? Watarudishwa kwa Tom? Uhusiano wa nchi hizi mbili umewekwa juu ya mgongo wangu, na mgongo wenyewe, kama nilivyoeleza, unafundishiwa kasa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, Perlita aache kufundisha kuanzia Jumatatu, kompyuta ifungwe, na Santo Niño arudishwe mahali pake kwa maandamano madogo. Pili, kama baraza litaona hilo ni kali mno, basi ipitishwe sheria ya barangay kwamba kwa kila tabasamu linalokwenda nje ya nchi, moja la ukubwa uleule libaki nyumbani kwa matumizi ya ndani. Hata mchele husafirishwa hivyo, wananchi wanashiba kwanza. Tatu, mbwa aondolewe kwenye jedwali.

Nimeandika haya kwa uchungu, Kapitan, wala usidhani ni utani. Mwanamume anaweza kuishi bila makofi. Lakini kukaa ukuta mmoja na furaha, uisikie, ujue ni ya mkeo, na usipelekewe hata kijiko, hilo limenishinda. Nikimaliza kuosha vyombo huwa nasimama jikoni nikisikiliza anavyowachekea, na naona wivu kwa watu ambao hawajui hata anavyopenda mayai yake.

Nisalimie mumeo na miguu yake, naamini uvimbe umepungua. Wasalimie wajumbe wote wa baraza, na yule mpinzani wa Manong Isko katika kesi ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe. Mama mkwe anakusalimu, anasema umenenepa na umependeza. Perlita hakusalimu kwa sababu hajui kwamba nimeandika, na yuko kazini.

Ni mimi mtoto wako wa ndoa, mtii na mwenye nyota chache,

Teodulo "Dolong" Bagaforo

N.B. Kapitan, nilikuwa nimeshalamba bahasha, ikabidi niifungue kwa mvuke wa sufuria. Jioni imeingia na kipindi cha Bwana Hasegawa kinaendelea hapa nyuma ya plaiwudi.

Mzee ameuliza, "Mwalimu, leo mume wako amefanya nini?" Nikajua nimekwisha, maana leo asubuhi nilitoka bafuni nimejifunga taulo, upepo ukafunga mlango, nikakaa kwenye banda la kuku mpaka Nanay Consorcia aliporudi kutoka sokoni. Perlita ameanza kumsimulia. Alipofika kwenye kuku amecheka, na si kile kicheko cha mwongozo. Ni kile chake cha kukoroma puani, kile alichokicheka kanisani tulipofunga ndoa mpaka padri akasimamisha ibada, unakumbuka. Kampuni imekikataza kabisa.

Mzee akasema, "Mwalimu, nimemaliza sentensi nyingi, hujanipigia makofi hata moja."

"Oh, nisamehe, Bwana Hasegawa," Perlita akasema, bado anafuta machozi. "Nikianza kumsema Dolong huwa nasahau kazi. Siku nzima nacheka kwa mshahara. Kwa huyu nacheka mwenyewe, halafu nikifika mezani nimechoka, sina hata nguvu ya kumwambia."

Mzee akasema polepole, bila kukosea, kwamba nyumbani kwake siku hizi hakuna mtu wa kusimuliwa, na kwamba kesho ataomba habari nyingine za Dolong.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Kapitan, yote niliyoandika hapo juu uyafute. Usimzuie mtu kufundisha. Sheria ya tabasamu isipitishwe, Tom asirudishwe, na mbwa abaki na nyota zake. Jumamosi usiniite, nitakuwa na shughuli.

Ila nina ombi moja la haraka. Kipindi ni kesho jioni, na mpaka sasa sina chochote cha kusimuliwa. Niazime nyati wako wa kulimia. Sijajua nitafanya naye nini, lakini mtu akiwa na nyati sebuleni, jambo halikosi kutokea.