Kofia ya Munganga Toussaint

Toussaint alikuwa anasubiri supu yake karibu na bandari ya Kalemie aliposikia redioni kwamba hospitali kubwa za ng'ambo hutibu ugonjwa wa huzuni kwa sumaku inayowekwa kichwani, bila kisu wala sindano. Habari haijaisha, yeye amekwisha kuwa daktari.

Jumamosi akafungua kliniki ya chumba kimoja. Mtambo wake ulikuwa kofia ya pikipiki iliyopakwa rangi nyeupe. Ndani kulikuwa na sumaku ya spika kuukuu, kioo kimezibwa kabisa, na masikioni ilikoroma kama jenereta.

Wagonjwa wakaja, tena wazito. Papa Salomon, mwenye nyumba sita, hakuwa amelala vizuri tangu jirani yake anunue gari la jipu. Mama Huguette alisononeka kwa kuwa wakwe zake wote walikuwa wazima wa afya.

"Chuma yote muweke humu," Toussaint alisema, akipitisha sanduku. "Simu, saa, pete. Hii sumaku inavuta mupaka barazani!"

Wakavua kwa unyenyekevu, kama watoa sadaka. Mpango ulikuwa mwepesi: mgonjwa wa kwanza akishazibwa macho na masikio, daktari atoke mlango wa nyuma na sanduku, adandie pikipiki yake, huyo!

Wa kwanza alikuwa mwanamke mkimya, Florentine.

"Munganga, mi naogopa. Vaa weye kwanza, nione."

"Mama, mi si mugonjwa."

"Basi haitakuumiza!" Papa Salomon akadakia kutoka barazani.

Toussaint akachukua kofia.

"Na funguo ya piki?" Florentine akauliza. "Si njo chuma?"

Toussaint akautia ufunguo sandukuni, akitabasamu kwa taabu. Giza likamfunika. Florentine akamkaza mkanda wa kidevuni kwa fundo ambalo vidole vya Toussaint vilihangaika nalo muda mrefu.

Alipoivua kofia, sanduku lilikuwa tupu. Wagonjwa walijaa mlangoni, kila mmoja na simu yake mkononi. Pikipiki ilikuwa ikiunguruma mbali.

"Florentine ametuelezea," Mama Huguette alisema. "Dada yake, Bijou, njo mugonjwa wa kweli, hata chakula hagusi. Mwaka jana ulimuuzia maji ya bomba, ukasema njo dawa ya huzuni. Akaacha kwenda hospitali. Sasa piki yako itamulipia matibabu."

Toussaint akarudi nyuma, kofia mkononi.

Papa Salomon akaingia, akafunga mlango, akakunja mikono ya shati.

"Kaa, Munganga," akasema kwa upole. "Tunaanza matibabu."