Unyusi wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tano katika chuo cha upambaji. Mwalimu katangaza: Ijumaa kila mwanafunzi alete mtu aliyembandika kovu bandia. Mshindi anakwenda kupamba waigizaji wa tamthilia ya televisheni. Nafasi moja tu. Binti Brashi (jina nimempa mimi, sanduku lake la brashi lina magurudumu) katabasamu kama vile keshaitwa. Tutaona. Mimi ninaye shemeji, mume wa dada yangu. Uso mpana, na akikaa tu kalala.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwomba shemeji nichukue umbo la uso wake kwa plasta, ile ya unga inayokorogwa ikaganda, kovu likae sawasawa. Kauliza kama inauma. Hata kidogo, nikamwambia. Dada kauliza kama nimeshawahi kumfanyia mtu. Nikajibu mara nyingi. Mara moja, na lilikuwa tikiti maji.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Umbo limetoka safi, mpaka vitundu vya ngozi vinaonekana. Unyusi wa kulia wa shemeji nao umetoka. Wote. Umebaki ndani ya plasta. Kumbe nyusi hupakwa mafuta kwanza. Mwalimu alipofundisha hilo nilikuwa namchora Binti Brashi na pembe.

Shemeji kajitazama kwenye kioo, kapapasa mahali pa unyusi. Dada kawaka.

“Mume wangu ana usaili wa cheo Jumatatu,” kasema. “Aingie na mshangao wa upande mmoja? Mrudishie unyusi wake, au utafute pa kulala.”

Alhamisi, 6 Machi
Sikwenda chuo. Nimeshinda na kibanio, gundi na nywele za wigi la dada. Nimezichomoa kisogoni, hapaonekani. Hajaulizwa.

Unyusi wa kwanza: kiwavi. Nikaung'oa. Kabla ya wa pili nikauangalia kwanza ule wake halisi wa kushoto. Karibu na pua nywele zinasimama, zikienda pembeni zinalala. Nikapanda unywele mmoja mmoja. Shemeji, ajabu, hakusinzia. Kanisimulia habari za usaili. Cheo hicho kimempita mara mbili, na anauogopa mlango wa chumba cha usaili. Nikamwambia atapita. Nilimaanisha. Binti Brashi nilimsahau kabisa.

Jioni kainua nyusi zote mbili mbele ya kioo.

“Nimerudi,” kasema.

Dada kaniwekea chakula. Kovu sijaligusa.

Ijumaa, 7 Machi
Kovu nimelibandika mbio mbio asubuhi. Linafanana na kipande cha kandambili. Binti Brashi kaja na mama yake, kovu bandia la moto shavuni, mpaka mwanafunzi mmoja katoka nje kutapika. Ushindi wake, hakuna ubishi.

Mwalimu kafika kwetu, kaguna. Kasema kovu ni la aibu, ila angalau nimeleta mtu mwenye nyusi nzuri. Shemeji hajui kuficha kitu. Kamwambia mmoja si wake.

Mwalimu kavaa miwani. Kainama. Kaugusa kwa ncha ya kidole.

“Nani kaupanda huu?”

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Kasema kwenye tamthilia kuna kikosi kizima cha askari wa zamani, wote wanatakiwa masharubu, na mtu mmoja hawezi. Jumatatu niende pia. Chini ya Binti Brashi!

Binti Brashi kaniomba nimwonyeshe nywele zinavyolazwa. Nilitaka kumpotosha. Nikamwonyesha. Kasikiliza vizuri, simwelewi.

Jumapili, 9 Machi
Nimewaza. Masharubu ni kazi ya msaidizi. Mwigizaji mkuu anacheza babu, na atakayempatia ndevu nyeupe za kweli hawezi kuwa chini ya mtu. Mungu si Athumani: baba mkwe wa dada kaja kututembelea. Ndevu nyeupe za miaka ishirini, mpaka kifuani. Nimemwomba umbo la uso na ndevu zake, niige zinavyolala, kakubali kwa furaha, kajilaza kochini. Dada yuko sokoni. Plasta nimeshakoroga, inaanza kuganda. Mafuta ya kupaka yamekwisha.

Nadhani maji ya sabuni yatatosha.