Mkono Juu, Mheshimiwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Miaka ishirini na miwili ya chaki, mmoja wa siasa. Chaki haikunichosha hivi. Ijumaa Baraza la Jimbo litachagua mwenyekiti wa Kamati ya Elimu, naye ndiye atakayeamua shule ipi iezekwe kwanza. Mke wangu, ambaye angali akifundisha katika shule yetu ya zamani, amerudi amelowa chapachapa. Aliniuliza iwapo mheshimiwa anazo habari kwamba darasa la tatu husoma chini ya miavuli. Nikamjibu kuwa mambo mazuri hayataki haraka. Akasema basi paa hilo litakuwa zuri kupita kiasi.

Jumanne, tarehe 4
Mpinzani wangu ni Saruji, mfanyabiashara aliyepewa jina hilo kwa sababu ya duka lake. Huniita “Ticha” mbele za watu! Nimewazungukia wajumbe wengine tisa, kila mmoja nikimsomea hoja zangu. Shangazi, mkongwe wetu barazani, aliuliza kama mwishoni kuna mtihani. Hata hivyo ameniahidi kura. Kwa hesabu yangu ninashinda, sita kwa tano.

Alhamisi, tarehe 6
Saruji amewanunulia wajumbe soda. Soda! Mimi niliwapa falsafa ya elimu. Nahofia ahadi zao zitayeyuka. Nimebuni hila: kura ipigwe kwa kunyoosha mikono. Hakuna atakayethubutu kunigeuka mchana kweupe.

Ijumaa, tarehe 7
Pendekezo langu lilipita bila kupingwa. Karani akaanza na jina la Saruji. Ukumbi ukalipuka: vicheko, viti kukwaruza sakafu, mjumbe mmoja akifoka kwenye simu. Mkono wangu wa kulia ukapaa wenyewe, kiganja mbele, kama ulivyopaa kila asubuhi darasani. Wakanyamaza kimya! Utii wa kupigiwa mfano. Ndani ya ukimya huo karani akahesabu: sita. Wangu ukiwemo.

Nilikata rufaa papo hapo. Karani alieleza kwa upole kwamba kanuni huhesabu mikono, haihesabu nia, na kwamba kanuni yenyewe ni yangu. Shangazi alininong’oneza kuwa tangu azaliwe hajaona mgombea mkarimu namna hii.

Jumatatu, tarehe 10
Uamuzi wa kwanza wa Saruji: shule ya mke wangu iezekwe kabla ya zote. Amesema Ticha aliyempa kiti asikose shukrani. Kesho Baraza litapiga kura kuuidhinisha. Mke wangu anaimba jikoni, jambo asilolifanya tangu niingie siasa.

Nimelitafakari kwa kina. Paa la Saruji, juu ya shule yangu? Haiwezekani. Nimeketi kuandika hoja ya kulipinga. Mwakani, nikishamwondosha kitini, nitaleta paa lenye misingi ya kifalsafa. Mke wangu akapita, akaona bidii yangu, akadhani ni hotuba ya shukrani. Akaniletea chai bila kuombwa.

Nimeinywa yote.