Hajambo, Anawasalimu

Jumamosi, 4 Mei
Leo kwenye chama chetu cha maua kuna habari kubwa. Mpokezi wetu anahama mji! Kiti cha mlangoni kiko wazi. Nakitaka kiti kile kuliko hata kupandishwa cheo pale kwenye duka la rangi ninapofanya kazi. Dukani watu huniuliza bei tu. Lakini ukikaa mlangoni, kila mpenda maua ya chungu akiingia anakusalimia wewe kwanza. Nawe unamjulia hali, kisha unaliulizia ua lake: na huyu je? Mwenyewe anajibu hajambo, anawasalimu. Ndiyo desturi yetu.

Nesi, mwenyekiti wetu, amesema baada ya Jumamosi mbili atachaguliwa mwenye ua lililostawi. Nikasema langu liko nyumbani, limepumzika. Uongo mtupu! Lilikufa Alhamisi. Nililinywesha kahawa iliyobaki. Nilidhani litachangamka.

Jumatatu, 6 Mei
Nimepata! Ua la plastiki, sura ileile. Nimelimwagia udongo juu, hakuna atakayegundua. Mke wangu ananiuliza kwa nini nisiseme tu kwamba limekufa, wenzangu wanipe jingine. Maskini, hajui siasa.

Jumamosi, 11 Mei
Limepokewa vizuri. Hajambo, anawasalimu! Ila nilisahau kitu kimoja. Ukishasalimia, unatia kijiko cha maji kwenye chungu cha mwenzio. Chama kizima kikatia kwangu. Chungu chenyewe hakina tundu! Maji yakajaa, yakafurika, yakanishukia mapajani hadi makalioni. Nikajikaza kisabuni. Wakati wa kuondoka nikatoka kinyumenyume, wasione suruali ilivyolowa nyuma.

Fundi Viatu, ambaye naye anakimezea mate kiti kilekile, alinipa kitambaa nijifute. Akasema ua langu halijakua hata kidogo. Husuda hiyo! Nikamjibu halina papara.

Jumatano, 15 Mei
Dawa nimeipata: niugue. Mgonjwa habebi chungu, na hapohapo anapata kura za huruma. Nimemtuma mke wangu kwa Nesi akaseme nina homa. Ameondoka ananung'unika.

Alhamisi, 16 Mei
Lo! Wamekuja! Mimi nimo kitandani namenya chungwa, mara hodi. Nesi, Fundi Viatu na nusu ya chama. Chungwa nikalisukumia chini ya blanketi. Wakanipa pole mmoja mmoja. Nesi akanigusa paji la uso, akasema hajawahi kuona homa baridi namna hii. Kisha wote wakaligeukia ua dirishani. Na huyu je?

Nikajibu kwa sauti ya kuugua kwamba hajambo, anawasalimu. Nesi akaangua kicheko mpaka akaanguka kitandani, juu ya chungwa langu. Kumbe walijua! Tangu siku ya maji! Nikatamani ardhi ipasuke.

Fundi Viatu hakucheka. Alisema waliendelea kulisalimia kwa sababu waliogopa kwamba wakinyamaza nitaona haya nisirudi tena, na bila mimi chama kingepooza. Machozi yalinilengalenga. Sikumbuki mtu kuniambia neno kama hilo.

Kisha akatoa kopo lenye kipandikizi, amekikata kwenye ua lake mwenyewe. Kiti hakitaki tena, anasema kibandani kwake anasalimiwa kutwa hadi taya zinamuuma. Wamekubaliana kusogeza uchaguzi hadi Jumamosi ya tarehe ishirini na tano. Kipandikizi kikiwa hai siku hiyo, kiti ni changu. Kikifa, atapewa mwingine. Nimeapa mbele ya wote: plastiki basi!

Jumapili, 19 Mei
Kipandikizi hajambo. Nimekisalimia mara kadhaa. Mke wangu ananitazama.

Ijumaa, 24 Mei
Balaa! Jani moja limelegea. Na uchaguzi ni kesho! Mke wangu anasema ni kiu tu, nikitie kijiko cha maji kitaamka. Kijiko cha maji! Kiti kizima cha mlangoni nikiache mikononi mwa kijiko?

Nimekimbia dukani kulekule nilikonunua lile la plastiki. Wanayo maua ya sura hiyohiyo, ya kila kimo. Safari hii nimetumia akili. Nimechukua dogo la kesho, na kubwa kidogo la mwezi ujao. Fundi Viatu asije akasema tena kwamba halikui.